Injini ya Pwani, Daino ya Nairobi

Kila mtu anayejua nilikuwa najenga injini akinikuta njiani swali lake ni moja, imetoa ngapi? Na mimi siku hizi namjibu kwa swali, ngapi wapi? Wengi wanadhani naringa. Siringi wallahi, ni kwamba ile karatasi niliyorudi nayo kutoka kwa daino, mashine ya kupimia nguvu ya injini, ina namba mbili, zote za injini hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, dakika hiyo hiyo, na zimepishana hosipawa 27, halafu hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayonihusu mimi ninayekaa Mombasa.

Ngoja nianze mwanzo.

Injini ni 4A-GE ya Toyota, cc 1,587. Wakubwa wanaijua ile ya valvu 16 iliyotoka 1983 ikaingia kwenye Corolla za AE86, lakini yangu ni ya valvu 20, blacktop wanaiita kwa sababu ya kile kifuniko cheusi cha juu, ilianza 1995 kwenye AE111, na kabla yake kulikuwa na silvertop ya 1991. Valvu 20 kwa silinda 4 manake kila silinda ina tano, tatu za kuingiza hewa na mbili za kutolea moshi, na kwenye hedi hiyo Yamaha walitia mkono wao. Halafu throto, ile milango ya kuingizia hewa ukikanyaga, ziko 4, kila silinda na yake, vibomba vifupi vipana vimejipanga kama filimbi. Toyota walisema inatoa hosipawa 165 kwenye mizunguko 7,800 kwa dakika, hesabu za Kijapani hizo, na zinapimwa kwenye kranki sio kwenye tairi. Nimeitamani tangu niko sekondari.

Binamu yangu yuko Sharjah, anashinda kwenye mayadi ya spea za mtumba, usiku mmoja akanipigia video akinionyesha Corolla iliyokatwa nusu, uso mzima uko, nyuma hakuna kitu. Akasema, ndo hii au sio hii? Ndo hiyo. Ikaja ndani ya kontena la mtu mwingine katikati ya mafriji na magodoro. Bei sisemi, mama naye ana simu siku hizi. Gari ya kuitilia nilikuwa nayo, Toyota 110 yangu iliyokuja na 5A yake ya upole, injini za ukoo mmoja, mauntini zikakubali bila ugomvi.

Nilidhani nitaiosha, nibadilishe sili, nifunge. Kufungua hedi, silinda ya tatu ina mikwaruzo inayonasa ukucha, na ukucha ukishanasa hapo hakuna cha kuosha. Bloku ikaenda kwa fundi mmoja wa lathi, namsitiri, kazi ilikuwa kupiga honi tu, yani kuyasugua matundu ya silinda yawe laini, akakaa nayo wiki 2 ikarudi inang'aa kama kikombe cha harusi. Nikaazima geji ya kupimia matundu kwa jamaa wa bandarini nikapima kila tundu juu, katikati na chini. La tatu huku chini limepanuka kuliko juu kwa milimita 0.05. Namrudia ananiambia usijali, ringi za pistoni zitajipanga zenyewe. Jamani ringi hazijipangi! Kila pistoni ikishuka ringi inapanuka, ikipanda inabanwa, fanya hivo mara 7,800 kwa dakika uone itadumu siku ngapi. Ikabidi iende kwa fundi mwingine, ichongwe upya, pistoni zikawa za saizi ya juu, milimita 81.5 badala ya 81, na injini ikawa cc 1,607. Cc 20 za bure, ukiacha zile pesa.

Ringi ndo kazi niliyoipenda kuliko zote. Unaitia ringi peke yake ndani ya tundu, unaisukuma kwa pistoni iliyogeuzwa kichwa chini ili ikae sawa, unapima pengo la ncha zake kwa fila geji. Mimi nilitaka milimita 0.33. Ya kwanza ikaja 0.24. Unaitoa, unaisugua kwa tupa ndogo, ncha moja tu na upande mmoja tu wa kuelekea ndani, mara tatu, unafuta, unarudisha, 0.27. Unatoa tena. Ukiharakisha ukapitiliza huwezi kuirudishia chuma ilichopoteza, na ukiiacha imebana, injini ikishapata moto ringi inarefuka, ncha zinagusana zinakosa pa kwenda, inamega pistoni. Ringi mbili za juu kwa kila pistoni, pistoni 4, jumla 8. Nilianza baada ya isha nikamaliza muadhini anaamsha watu, chini ya taa ya uani, wadudu wanaangukia kwenye sinia la mama la biriani ambalo ndo nilikuwa nimepangia spea zangu. Sinia lile halijarudi jikoni mpaka leo.

Komputa ya injini nayo nikaijenga mwenyewe. Iko moja inaitwa Speeduino, michoro yake iko wazi kwa kila mtu, na ubongo wake ni Arduino Mega, bodi ile ile ambayo wanafunzi wanajifunzia kuwasha vitaa. Nikachomelea vipande jikoni, wayaring'i nikaifanya mara mbili kwa sababu ya kwanza ilikuwa aibu. Hapa lazima nieleze ramani manake ndo kisa chenyewe. Ndani ya komputa kuna jedwali, miraba 16 kwenda na 16 kushuka. Kwenda ni mizunguko ya injini, kushuka ni presha ya hewa iliyo nyuma ya throto, kwangu inaanzia kilopaskali 20 mpaka 100. Kila mraba una namba inayosema silinda inajaa kiasi gani hapo, na kutoka kwenye namba hiyo komputa inajua injekta zifunguke muda gani. Silvertop ilikuwa inapima hewa kwa mita ya kwenye bomba, blacktop ilitoka kiwandani na sensa ya presha, kwa hiyo mimi nilifuata tu walichoanza wao. Jedwali la pili linafanana na hilo ila ni la taimingi, plagi ipige cheche digrii ngapi kabla pistoni haijafika juu.

Iliwaka mara ya nne, maghrib, moshi wa oili ya kufungia ukajaa uani, kuku wa jirani wakaruka ukuta. Mama akatoka akasikiliza kidogo akaniuliza, "Sasa ndo itakuwa ikilia hivo hivo?" Nikamwambia ndio mama. Akarudi ndani.

Daino ziko za aina mbili. Iko ya roli zito tu, gari inalizungusha, mashine inapima roli limechukua muda gani kushika kasi, inapiga hesabu inakupa namba. Hiyo nzuri kwa kuwaringia marafiki. Ya pili ina breki ya umeme, inaweza kuishika gari pale pale kwenye mizunguko 4,000 hata ukanyage mpaka sakafuni, haitoki hapo, na wewe umekaa na laptopu unabadilisha namba unaona toki, ile nguvu ya kuzungusha, inapanda au inashuka. Mimi nilitaka hiyo ya pili, na niliyoipata iko Nairobi. Nikaitembeza injini kama kilomita 800 hapa Mombasa na kwenda Malindi ili ringi zikae, nikabadilisha oili mara mbili, halafu mimi na mdogo wangu tukapanda barabara, kilomita 480 na kitu, sivuki mizunguko 5,500, matrela yananipita nimetulia tu.

Asubuhi gari imefungwa mikanda juu ya roli, feni kubwa kama mlango iko mbele ya rejeta, nikawasha swichi bila kupiga stata ili nihakikishe sensa zote zinasoma. Presha inasoma 83. Injini imezima, throto haziko kazini, inatakiwa isome hewa ya nje, na kwetu hapo husoma 101. Nikajua sensa imekufa, nikaanza kutafuta nyingine kwenye begi, jasho linanitoka. Jamaa wa daino akachungulia laptopu akacheka. "Hiyo si sensa boss. Hiyo ni Nairobi."

Nairobi iko juu ya bahari mita 1,700 hivi, na huko juu hewa ni nyepesi. Hilo nilisoma shule, kila mtu amesoma, wanariadha na nini, lakini sikuwahi kulitia kwenye jedwali langu. Injini isiyo na tabo, ile pampu ya kusukumia hewa ndani, haina ujanja, inavuta hewa iliyoikuta. Ikikanyagwa mpaka mwisho Nairobi itafika 82, basi. Mistari yangu ya 85, 90, 95 na 100, ile minne ya juu kabisa, yenye joto na presha na hatari yote, haiguswi hata tukae juu ya yale maroli mpaka Idi. Na ubaya zaidi ni zile throto 4. Kwenye injini ya throto nyingi presha inapanda haraka sana, ukikanyaga nusu tu ishafika karibu na ya nje, kwa hiyo nikiwa nyumbani muda mwingi injini inaishi kwenye mistari hiyo hiyo ya juu. Yani nimelipia kupimiwa chumba nisicholala.

Mdogo wangu akasema si turudi. Nikamwambia tushafika, na kila kilicho chini ya 80 kitapimwa vizuri kuliko nitakavoweza mimi barabarani maisha yangu yote.

Mvuto wa kwanza, yani kukanyaga mpaka mwisho kutoka mizunguko ya chini kwenda ya juu mashine ikipima, tukauacha njiani. Nilikuwa nataka uwiano wa hewa na mafuta uwe 12.9 hivi ukikanyaga mpaka chini, kidogo mafuta zaidi kuliko ile 14.7 ya vitabuni, kwa sababu mafuta ya ziada yanapoza silinda. Mpaka mizunguko 5,500 ilikuwa 12.8, safi. 6,000 ikawa 13.3. 6,400 ikawa 14.2 na jamaa akaachia pedeli kabla sijafungua mdomo. Injini inakauka pale pale inapohitaji kunywa. Mimi nikalaumu ramani yangu, nikaongeza mafuta kwa asilimia 5 kule juu, tukarudia, ikakauka vile vile, na hapo ndo jamaa akasema hii si ramani, namba ya ramani ikibadilika na gari ikakataa kubadilika basi kuna kitu kinabana. Kijana wake akaingia kiti cha nyuma na mita, akashika waya za pampu. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, volti 13.1. Katikati ya mvuto, 10.6. Ule waya ni wa 110 yangu ya zamani, mwembamba, ulizoea kulisha 5A ya kwenda sokoni. Tukavuta waya mnene kutoka betri, relei moja, fyuzi moja, nusu saa. Mvuto uliofuata mstari wa mchanganyiko ulinyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

Taimingi ndo ilinifanya nione kwa nini watu wanalipia daino ya breki. Anaishika gari kwenye 4,000, throto wazi, mimi naongeza digrii moja moja. 22, toki inapanda. 24, inapanda. 26, inapanda kidogo tu. 28, haijasogea. Hapo unarudi 26, manake ukizidi hapo hupati kitu, unamtafuta noki bure. Noki ni pale mafuta yanapolipuka yenyewe kona ya silinda bila kungoja moto wa cheche uyafikie, na kwa pistoni ni kama nyundo. Kulisikiliza nilikuwa nimetengeneza kifaa changu, bomba la shaba la friji, ncha moja nimeiponda bapa nikaitoboa nikaifunga na bolti kwenye bloku, ncha ya pili mpira mrefu unaoingia kwenye yale masikio ya plastiki ya wafanyakazi wa viwandani. Jamaa ana vifaa vya kisasa lakini alivaa yangu mvuto mzima akavua akasema hii nitaiba.

Hatukusikia noki hata mara moja. Na hilo halikunifurahisha vile ungedhani, kwa sababu presha ndogo ya Nairobi ndo inayolilaza. Digrii zinazokaa vizuri kwenye 82 si lazima zikae vizuri kwenye 100 na joto letu la Machi.

Mwisho tukapiga mvuto wa kuchapisha. Kwenye tairi, bila kusahihisha, hosipawa 105 kwenye mizunguko 7,700, na toki nyutoni mita 110 kwenye 5,600. Chini yake mashine ikaandika iliyosahihishwa, 132. Kuna kanuni ya SAE, chama cha wahandisi wa magari, inaitwa J1349, inachukua presha na joto na unyevu wa chumba inakwambia injini ingetoa ngapi ingekuwa kwenye hewa ya kiwango, kilopaskali 99 kavu na digrii 25. Kwa hewa ya siku ile ilikuwa inazidisha kwa 1.26. Kumbe kanuni yenyewe ilikusudiwa kurekebisha vitu vidogo, asilimia 7 hivi basi, sio 26. Ukiivuta mpaka hapo inakuwa makadirio yaliyovaa suti.

Kwenye benchi alikuwepo jamaa wa Subaru ya tabo, anangoja zamu ya rafiki yake, karatasi yake ameikunja mfukoni anaitoa kila baada ya dakika 5. 310. Bila kusahihishwa ilikuwa 246, niliiona kwa pembeni. Sasa injini ya tabo iliyopangiwa presha maalum ndani ya manifoldi, yale mabomba ya kugawia silinda hewa, tabo inazunguka zaidi tu mpaka presha ile ifike, hewa nyepesi ya nje haijaipotezea kiasi kile ilichonipotezea mimi, ila mashine inaizidishia 1.26 ile ile. Inamlipa fidia ya mali isiyoibiwa. Nilitaka kumwambia, lakini chai niliyoshika alikuwa amenunua yeye.

Kabla hatujaondoka nikaijaza ile mistari minne kwa kukisia. Nilichukua safu ya 80 nikainakili juu, kwa sababu hesabu ya komputa tayari inazidisha na presha, nikaongeza asilimia 4 ya mafuta kwa usalama, na taimingi nikapunguza digrii 3. Halafu tukaanza kushuka.

Ukitoka Nairobi kwenda pwani barabara inateremka karibu siku nzima bila wewe kujua. Mdogo wangu laptopu magotini, anasoma presha kila nikikanyaga kupita lori. Emali hapo inasema 88. Halafu nikaanza kuhisi gari inakuwa nzito mdomoni, inakohoa ukiachia, na yeye akaniambia mchanganyiko umefika 11.8, mafuta mengi mno. Nikazidi kushuka inazidi. Tukasimama Mtito Andei tukala, nikafikiria juu ya sahani ya pilau mpaka ikanijia. Komputa yangu haina sensa ya pili ya hewa ya nje. Inachofanya, ukiwasha swichi tu kabla injini haijazunguka, inasoma ile ya manifoldi mara moja na kuikariri kuwa ndo hewa ya leo. Nilipowasha ilikuwa Nairobi, 83. Imeshuka kilomita 230 bado inaamini iko Nairobi, na ule mstari wa marekebisho niliounakili kwenye ramani ya mtu mwingine unaiongezea mafuta kwa ajili ya hewa nyepesi ambayo haipo. Nikazima gari. Nikawasha. Ikasoma 93, mchanganyiko ukarudi 12.7. Kuzima na kuwasha, kama redio ya babu. Sensa ya pili nimeshaiagiza.

Nyumbani nimemalizia mwenyewe, Jumapili alfajiri, kipande kirefu cha kupanda karibu na Mariakani. Gia ya tatu, naanza 2,500, nakanyaga, na ikifika 5,500 niko karibu kilomita 110 kwa saa, naachia. Mdogo wangu kavaa yale masikio ya bomba la shaba. Mara moja tu aliinua mkono, mizunguko 3,500, presha 98, alisikia kama mtu anatikisa sarafu kwenye kopo. Nikatoa digrii 2 hapo na kwenye miraba ya pembeni, hatujalisikia tena. Mafuta kumbe nilikuwa nimekisia vizuri, nimerudisha asilimia 2 tu.

Imebaki kona ya juu kulia, kuanzia 6,000 mpaka 7,700 kwenye mistari ya 95 na 100. Kwa gia ya tatu huko ni kasi ya kukamatwa au kufa. Kwa gia ya pili nafika 7,500 kabla ya kilomita 105 kwa saa, lakini inapita haraka mno, sensa ya mchanganyiko inakupa habari za mraba ambao ushauacha nyuma. Kwa hiyo miraba ile mpaka leo ni ya kukisia, nimeipaka rangi nyekundu kwenye laptopu, mafuta ya ziada na taimingi ya uoga, na ndo hapo hapo nguvu yote ya injini ya valvu 20 inapokaa.

Nilimweleza binamu yangu yote haya juzi. Akanisikiliza mpaka mwisho akaniambia, wewe si huku Sharjah kuna daino, na bahari iko hapo nje? Nimemwambia aniulizie kontena la kurudi linakwenda kwa bei gani.